Mwakilishi wa Wanaume

Kliniki ile ya wajawazito ilikuwa na wafanyakazi wanawake kumi na mmoja na mwanaume mmoja, na huyo mmoja kazi yake ilikuwa mitambo. Umeme ukikatika aliwasha jenereta. Vitanda vikilia alivitia mafuta kwenye magurudumu. Alitunza mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu kwenye mikasi na makoleo, na kila Jumatatu asubuhi alizikagua mizani za watoto wachanga, moja baada ya nyingine, kwa vipande vya chuma ambavyo uzito wake ulijulikana. Mizani ikipunja hata gramu ishirini hapati raha, atafungua, atafunga, atafungua tena mpaka ikae sawa. Ungedhani mtu mwenye wivu kiasi hicho juu ya gramu angekuwa na wivu huohuo juu ya maneno yake. Subutu!

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Kazini wote walimwita Mwakilishi, na jina hilo alilipata kwa njia ya kijinga, kama majina mengi ya kazini yanavyopatikana. Kila Jumatano kulikuwa na somo kwa kina mama wajawazito. Mkunga Mkuu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kusimamisha magari, alitaka waume nao waje. Waliandikiwa barua, wakapigiwa simu, wakaahidiwa soda baridi. Hakutokea hata mmoja wa kusingizia. Jumatano ya nne Mkunga Mkuu alitoka darasani kwa hasira, na huko nje akamkuta fundi wake amepiga magoti chini ya dirisha anakaza bomba.

“Wewe si mwanaume?” alimwuliza.

“Nilipoamka asubuhi nilikuwa mwanaume, Sista.”

“Basi nawa mikono uingie.”

Akaingia, akakalishwa kwenye kiti mbele ya wanawake zaidi ya ishirini, wengine wakijipepea kwa kadi zao za kliniki. Wakamwuliza kwa nini waume zao hawataki kuja. Alijikuna kichwa, akamfikiria mtu mmoja tu aliyemfahamu kwa undani, yaani yeye mwenyewe, akasema, “Wanaona aibu kukaa kwenye benchi. Wanaume hawapendi kungoja mahali wanapotazamwa.” Darasa zima likapiga makofi. Jamani, huyu bwana alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu na hajawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote kwa jambo lolote. Makofi yale yalimwingia mwilini kama chai ya moto.

Tangu siku hiyo kiti chake kilijulikana. Wakunga walitafuta kopo tupu la pamba, wakalitoboa kifuniko, na kina mama wakawa wanatumbukiza vikaratasi vyenye maswali. Mwakilishi alivifungua kimoja kimoja, akavisoma kwa sauti, akavijibu bila kumeza mate. Majibu yaliyopendwa zaidi Mkunga Mkuu aliyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, akaitundika ukutani chini ya maneno WANAUME WANASEMA. Wanaume hawapendi kuulizwa jambo wakiwa wanavua viatu. Wanaume hawapati usingizi mpaka walale upande wa ukutani. Wanaume wakisifiwa mbele ya wakwe hukosa pa kuweka mikono. Na karibu na chini, kwa herufi kubwa zaidi kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki: MWANAUME AKINYAMAZA MWACHE, ATARUDI MWENYEWE.

Ukweli, kama nitaruhusiwa kuusema, ni kwamba aliyelala upande wa ukutani ni yeye, na viatu vilikuwa vyake. Mkewe alifika kliniki siku moja kumletea miwani aliyoisahau, akasimama mbele ya bango lile, akalisoma lote kuanzia juu hadi chini. “Kumbe mko wengi,” alisema, akamkabidhi miwani akaondoka. Mwakilishi alilichukua hilo kuwa ni sifa. Bango lilinakiliwa na kliniki nyingine tatu, na yeye akaanza kupiga pasi shati la Jumatano.

Sasa kulikuwa na dada mmoja msusi, mimba yake ya kwanza, miezi saba, ambaye wakunga walimwita Binti wa Saluni. Huyu hakutumbukiza kikaratasi. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Baba, mume wangu ni fundi vioo,” alisema. “Huu mwezi wa pili hasemi. Si kwamba amenuna. Anakula, anaoga, ananijibu ndiyo na hapana, basi. Nikimwuliza ana nini ananifokea, na hakuwa mtu wa kufoka. Nifanyeje?”

Mwakilishi hakujikuna hata kichwa. “Mwache,” alisema. “Usimwandame. Mwanaume akiwa na lake moyoni anataka nafasi.” Kisha, kwa kuwa aliona vichwa vinaitikia, akatia chumvi. “Mpishe kabisa. Hata chumba mpishe.”

“Hata chumba?”

“Hata chumba.”

Makofi yakalia. Binti wa Saluni naye alipiga, mkoba wake ameubana kwapani.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne asubuhi, Mwakilishi alikuwa kwenye chumba cha mashine ya mvuke akibadilisha mpira wa mlango wake alipoona kivuli kimesimama kizingitini. Alikuwa Binti wa Saluni. Uso umemvimba, nywele zake mwenyewe hazijachanwa, naye ni msusi.

“Ameondoka, baba. Tangu Jumapili.”

“Ameondoka kwenda wapi?”

“Ningejua ningekuja hapa?” Akavuta pumzi, akajirudi. “Samahani. Nilifanya kama ulivyosema. Nilihamia chumba cha mama, kwa sababu tunakaa naye. Siku za mwanzo nilimsikia anatembeatembea peke yake kule ndani. Nikataka kwenda, nikajizuia. Nikajisemea, tumeambiwa tuwaache. Jumapili asubuhi akatoka hakurudi. Simu imezimwa. Na kisu chake cha kukatia vioo amekiacha juu ya kabati, baba. Hajawahi kutoka bila kile kisu hata akienda msibani.”

Mwakilishi alisema, “Atarudi.” Neno lilitoka jembamba, likafia palepale kizingitini.

Kilichomuua si machozi yake. Angemlaumu, angemtukana, angalau angepata pa kushika. Lakini yule dada alimtazama kwa imani ileile ya darasani, akamwuliza, “Sasa wewe unayewajua, wakifika hapa huwa wanakwenda wapi?”

Alitazama mpira wa mlango mkononi mwake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Alimwomba ataje sehemu mumewe alizowahi kufanyia kazi, akaziandika kwenye kiganja kwa kalamu, akamwahidi ataangalia. Binti wa Saluni akashukuru. Alishukuru! Akaondoka ameshika kiuno.

Asubuhi ile haikwenda mbele wala nyuma. Alifunga mpira ukavuja, akaufungua, akaufunga ukavuja. Alijiunguza kifundo cha mkono kwenye bomba analolijua kuliko ndugu zake. Aliamua atulize akili kwa kukagua mizani, ingawa haikuwa Jumatatu, na mizani moja ikampa majibu matatu tofauti kwa chuma kilekile, mpaka akagundua kwamba mkono wake ndio ulikuwa unaegemea. Miguu haikumkaa chini. Alitoka uani, akarudi, akatoka tena, mpaka mfagiaji akamwuliza kama anaumwa na tumbo.

Alikuwa anajua alichokuwa anakikimbia. Miaka ishirini na miwili nyuma, yeye na mkewe walifiwa na binti yao wa kwanza, mtoto wa miaka mitano, kwa homa ya siku tatu. Baada ya mazishi alinyamaza karibu mwaka mzima. Mkewe alipomsogelea mara ya kwanza alimwambia, “Niache,” na mkewe akamwacha. Kwa hiyo alipokuwa akiwaambia kina mama kwamba mwanaume akinyamaza aachwe, alikuwa anasoma kutoka kwenye kitabu kimoja tu, na hata hicho alikisoma juu juu. Hakuwaeleza kilichokuwa kikiendelea ndani ya mwaka ule. Hakuwaambia kwamba kila jioni alivua viatu taratibu sana, kamba moja baada ya nyingine, akingoja mkewe amwulize tena. Hakuulizwa. Akapona kwa jinsi alivyopona, akaita kupona kwake desturi ya wanaume.

Saa nne alikata shauri, akaingia ofisini kwa Mkunga Mkuu bila kubisha hodi.

“Sista, lile bango lishuke.”

Mkunga Mkuu aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake. “Limefanya nini?”

“Limesema uongo. Mimi nimesema uongo.”

“Uongo gani? Si ndivyo mlivyo?”

“Ndivyo nilivyo mimi. Na hata mimi, Sista, sivyo.”

“Hebu kaa chini. Una homa?”

Hakukaa. Alimweleza habari ya fundi vioo akiwa amesimama, mkono ulioungua ameushika kwa mwingine. Mkunga Mkuu alisikiliza, akanyanyua kalamu, akaiweka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kina mama mia tatu kwa mwezi, na bango lilikuwa limemrahisishia kazi.

“Kliniki tatu zimelinakili,” alisema. “Nizipigie simu niseme nini? Kwamba wanaume wamebadili mawazo?”

“Waambie alikuwa mtu mmoja tu.”

“Nenda kamtafute kwanza huyo kijana,” Mkunga Mkuu alisema. “Mengine tutayaona. Na hicho kidonda ukitie dawa kabla hujatoka mlangoni kwangu.”

Alianzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wakamwambia fundi yule hawajamwona tangu mwezi uliopita. Akaenda kwenye jengo la ghorofa tatu ambalo madirisha yake yalikuwa yamewekwa nusu, na msimamizi, mtu mwenye haraka zake, akamjibu kwamba aliyekuwa akiweka vioo amepunguzwa. “Alikuwa anakata vibaya,” alisema. “Vioo vitano kwa siku moja havikuingia kwenye fremu. Nikamwambia akapumzike.” Mwakilishi alitaka kujua kwa nini fundi mzuri akate vibaya, lakini msimamizi alikuwa ameshampa mgongo. Jua lilikuwa limekaa utosini, shati lilikuwa limemganda, na kiganjani jina moja tu lilikuwa bado linasomeka, lile la karakana ambako fundi vioo alijifunzia kazi.

Mwenye karakana alikuwa mzee mfupi aliyevaa aproni ya turubai. Mwakilishi alipofungua mdomo tu kusema anamtafuta mtu, mzee akajibu, “Hayupo.”

“Nani hayupo? Sijamtaja.”

Mzee aligeuza macho pembeni kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kisha, kwa shingo upande, akaelekeza kidevu nyuma.

Nyuma ya karakana vioo vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vikubwa kwa vidogo, na mbele yake, juu ya sanduku la mbao, alikaa kijana mrefu wa miaka thelathini hivi. Yuko hai, basi. Na papo hapo akafanya kosa la pili, na afadhali tuliite kosa mapema. Maana njiani kote alikuwa amejitafuna akili mpaka akapata ukweli mpya, na ukweli huo ulikuwa unamwasha mdomoni.

“Mwanangu, una nini?” alisema. “Kitu gani kimekupata? Nani amekuudhi? Ni kazi? Ni mimba? Unaumwa? Niambie, usiogope, niambie.”

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. “Shikamoo mzee,” alisema. “Wewe ni nani?”

“Marahaba. Mimi...” Mwakilishi alijiona mjinga. “Mimi ni yule wa kliniki. Ninayezungumza na kina mama Jumatano.”

“Ahaa!” Kijana alitikisa kichwa polepole. “Kwa hiyo wewe ndiye uliyenihamishia mke.”

Kulikuwa na sanduku jingine. Mwakilishi alilikalia bila kukaribishwa. Huko mbele mzee alisikika akikokota kioo juu ya meza. Kisha kijana, bila kuulizwa tena, akaeleza mwenyewe. Jicho la kulia linakwisha. Alianza kwa kuona ukungu, akadhani ni vumbi la vioo. Hospitali wamemwambia wanaweza kujaribu kulitibu lakini wasimpe matumaini makubwa, na la kushoto nalo liangaliwe. Amekaa na habari hiyo peke yake tangu hapo. Mstari wa kukatia anauona miwili. Na mke wake anakaribia kujifungua, anahesabu nguo za mtoto kila jioni, sasa angeanzia wapi?

Mwakilishi alisema, “Pole sana, mwanangu,” na alimaanisha. Kisha kile kilichomwasha kikamtoka. Akamsimulia habari ya binti yake, homa ya siku tatu, mwaka wa kimya, viatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na miwili kuitoa habari ile mdomoni, na aliitoa kwa mtu asiyemjua, juu ya sanduku, katikati ya vioo vilivyomwonyesha sura yake kila upande. “Nikaenda nikawaambia wake zenu kwamba tunataka kuachwa,” alimalizia. “Nimekosa. Hatutaki kuachwa. Sisi wanaume tunataka kuulizwa.”

“Hapana, mzee wangu,” kijana alisema kwa upole. “Hilo ni lako.”

“Namna gani?”

“Mimi sikutaka kuulizwa. Alikuwa ananiuliza kila dakika, nikachoka, ndiyo maana nikawa namfokea. Wala sikutaka kuachwa. Mimi nilitaka akae tu. Jioni huwa anakaa kitandani anafanya mazoezi ya kusuka kwenye kile kichwa cha plastiki, anaimba kwa pua. Nilitaka aendelee hivyo hivyo, nimsikie yuko hapo, mpaka siku nitakayoweza kusema. Nikarudi siku moja nikakuta kichwa cha plastiki kimehamishwa. Nikajua ameshachoka na mimi, na bado hajasikia habari yenyewe.”

Mwakilishi alinywea. Alikuwa ametembea mitaa minne kwenye jua kali na kanuni mpya, na kanuni ilikuwa imekufa kabla jasho halijamkauka. Alitaka kusema kitu cha kiume, cha mtu aliyekula chumvi nyingi, akatafuta, hakukipata.

“Sasa nikamwambie mkeo nini?” aliuliza mwishowe.

“Usimwambie kitu. Umeshamwambia ya kutosha.”

Kijana alisimama, akajipangusa vumbi, akamuaga mzee wa aproni. Hakusema anakwenda wapi lakini njia aliyoishika ilikuwa ya nyumbani. Mwakilishi alimfuata. Walipofika kwenye njia nyembamba ya maduka, kijana alijigonga kwenye mkokoteni uliokuwa umeegeshwa upande wa kulia, akasonya. Mwakilishi akahamia upande huo, akatembea hapo hapo mpaka mwisho bila kutamka neno. Kwenye kona aliachana naye. Alimwona akigonga mlango wake mwenyewe kama mgeni, mlango ukafunguliwa na mkono wa mwanamke, kisha ukafungwa. Alisimama pale kwa dakika kumi roho juu, akingoja kelele. Hakusikia chochote, na hakujua kama hiyo ni heri au shari.

Kesho yake, Jumatano, alivaa shati la kazini lenye doa la mafuta. Darasa lilikuwa limejaa. Alifungua kopo la pamba, akatoa kikaratasi cha juu, akasoma: “Mume wangu hataki kabisa kuligusa tumbo langu. Kwa nini wanaume wanakuwa hivyo?”

“Sijui,” alisema.

Wanawake walitazamana.

“Najua kwa nini mimi sikuligusa la mke wangu,” aliendelea. “Niliogopa mikono yangu ni mizito. Lakini wa kwako simjui. Hata jina lake silijui, mama. Nawezaje kukwambia kilicho moyoni mwake?”

“Sasa hapo umekaa kufanya nini?” sauti moja ya nyuma iliuliza, na kicheko kikapasuka.

“Hata mimi najiuliza,” alisema Mwakilishi. Hawakumpigia makofi. Mmoja alilalamika waziwazi kwamba amepanda na kushuka na tumbo lake kuja kuambiwa sijui. Alikuwa na haki. Mwakilishi alisimama, akakisogeza kiti ukutani, akatoka akiwa na joto masikioni. Kwenye korido alimkuta Binti wa Saluni ameketi benchi, na pembeni yake, mbele ya macho ya watu wote wanaopita, mume wake. Yule dada alikuwa amelia mpaka macho yamekuwa mistari. “Tunapita kwa Sista, kisha tunakwenda hospitali ya macho,” alisema. Fundi vioo aliinua kidole kimoja kumsalimu. Wala hawakumweleza zaidi, na safari hii hakujaribu kukisia.

Mkunga Mkuu hakuliteremsha bango. Alipanda juu ya kiti na kalamu yake nene, akayakata maneno WANAUME WANASEMA, na juu yake akaandika FUNDI WETU WA MITAMBO ANASEMA. Alirudi chini akipumua kwa nguvu, akamwambia Mwakilishi aende nyumbani mapema, kwani leo hafai hata kukaza skrubu.

Ungetegemea mtu huyu arudi nyumbani amenyenyekea. Wapi! Binadamu akiungua mahali pamoja hutafuta wa kumlaumu mahali pengine, na njiani Mwakilishi alizidi kupata hasira. Miaka ishirini na miwili. Mtu unalala naye, unakula naye, unavua viatu mbele yake, na hakuulizi hata siku moja! Alifika amejaa tele.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Alimkuta kwenye chumba cha mbele anapiga pasi kitambaa kirefu cha rangi ya maziwa, ncha yake imekunjwa juu ya kiti ili isiguse sakafu. Jua la saa tisa lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba.

“Mbona mapema?” alisema. “Wamekufukuza?”

“Mwaka ule,” alisema Mwakilishi, bado yuko mlangoni. “Kwa nini hukuniuliza?”

Mkewe hakuuliza mwaka upi. Pasi ilikwenda mbele, ikarudi.

“Ulisema nikuache.”

“Nilisema mara moja!”

“Mama yako akakusemea mara nyingine zote. Alinikalisha jikoni, akaniambia wanaume wakifiwa hawaulizwi, ukimwuliza unamvunja. Nikamwamini, mume wangu. Alikuwa amezaa wanaume wanne. Nikajua huyu anawafahamu.” Alinyoosha mkunjo kwa kiganja. “Nilikuwa nasimama pale mlangoni unavua viatu. Nimeuma midomo. Unavua kamba ya kwanza, ya pili. Nasema leo namwuliza. Halafu nakumbuka maneno ya mama, naingia jikoni.”

Hasira ilimwishia ghafla, akabaki hana pa kuegemea. “Ulikuwa umesimama pale?” alisema.

“Kila siku.” Kisha mkewe akaiinua pasi, akaishika hewani bila kuishusha. “Na mimi je?”

“Wewe nini?”

“Mimi aliniuliza nani?”

Alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale pale, tayari, halihitaji kutafutwa. Alilisikia utotoni, akalisikia msibani, na siku moja, Mungu amsamehe, alilitoa mwenyewe mbele ya darasa zima na likapigiwa makofi, kwamba wanawake wana bahati kwa sababu wao hulia, na wakilia yanatoka.

“Ulilia,” alisema, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopungua. “Nyumba nzima ililia na wewe. Siku nne. Halafu ukaamka ukaanza kazi. Nilidhani...”

“Ulidhani mwanamke akishalia amemaliza.”

“Hukumaliza?”

Mkewe alichomoa waya wa pasi ukutani, akaisimamisha kwenye kisahani chake. Alikiondoa kitambaa juu ya kiti, akakitupa sakafuni, kitambaa cha mteja, kisafi, akakaa.

“Hata sijaanza,” alisema. Na akaanza.